Mtu Aliyemshinda Mkwe Wake Karata

Ukifika Quitunda ukamuulizia Tuaibo, utaulizwa Tuaibo yupi, maana wapo watatu. Sema yule aliyemshinda mkwe wake karata. Watoto watakupeleka mpaka mlangoni, na njiani watakupa kisa kizima, kila mmoja na chumvi yake. Lakini kama una nafasi pitia kwangu kwanza. Jina langu Nazira, nauza bajia na chai barazani pangu. Tuaibo amemwoa mdogo wangu Zaida, na huyo mkwe aliyeshindwa ni mama yetu mzazi. Meza ilikuwa yangu, vikombe vyangu, na pazia lilikuwa langu pia. Sasa nani atakusimulia zaidi yangu?

Tuaibo alizaliwa katika kijiji cha wavuvi ambacho leo hakipo, kimebaki ndani ya uzio wa mradi wa gesi. Alikuwa mvuvi wa nyavu, na mvuvi mzuri, hilo simnyimi. Tulipohamishiwa huku kila familia ilipewa nyumba ya matofali na kipande cha shamba. Bahari ikabaki kulekule ilikokuwa, na kwenda pwani ikawa safari ya gari. Tuaibo akapewa jembe. Alilipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akashukuru, akaliegemeza nyuma ya mlango, na hapo likakaa mpaka buibui akalifanya nyumba.

Mradi ulipoanza kuajiri, alipata kazi ya dobi kambini. Alifua maovaroli ya watu wa mataifa ambayo majina yake hata redio haiyataji. Mchana alipokuwa anapeleka nguo zilizopigwa pasi kwenye ukumbi wa mapumziko, akawakuta wanaume wanacheza poka. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, Mfilipino, akampenda, akamfundisha. Tuaibo alirudi nyumbani na vitu viwili kutoka kambini, sabuni na elimu. Sabuni iliisha. Vita vilipofika Palma kazi ikasimama, sote tukakimbia, na Mungu alipojalia tukarudi. Elimu ilirudi naye.

Mimi sichezi, lakini nimekaanga bajia nyuma ya migongo ya wachezaji siku nyingi, na mtu wa jikoni husikia yote. Kila mtu hupewa karata mbili za siri. Kisha zinafunuliwa tano mezani, za wote, tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila hatua watu wanawekeana dau. Unaweza kufuata dau la mwenzio, kuliongeza, kutupa karata zako ukakaa pembeni, au kusukuma vyote ulivyo navyo. Jozi mbili ni kitu kizuri. Karata tano za aina moja, zote kopa au zote shupaza, ni kitu kizuri zaidi. Basi, umejua kama wanavyojua wao.

Sasa ipo hali moja ambayo Tuaibo aliipenda kuliko mke na chakula, nayo ni kuwa na kopa nne huku ukingoja ya tano. Siku nzima angeweza kukuhubiria juu ya kopa nne.

"Shemeji," alikuwa akiniambia, kidole kimoja juu, bajia mkono wa pili, "ntu mjinga akiwa na kopa nne ananyamaza, anangoja ya tano. Ntu mwenye akili anasukuma palepale. Wenzake wakiogopa wakatupa karata, kashinda. Wasipoogopa, kopa zingine tisa bado zipo, moja ikija kashinda tena. Milango miwili, shemeji. Duas portas. Hii ni ciência, sayansi kabisa."

"Na kopa isipokuja?"

"Hiyo ndiyo vida, ndiyo maisha," alijibu, akamalizia bajia ambayo hakuilipia.

Kwanza ilibidi wapate kitu cha kuwekeana dau. Pesa ni kamari, na kamari ni haramu, na juu ya hayo hakuna aliyekuwa nazo. Suleimane, jirani yetu anayejua hoja za dini kuliko wanaojua dini yenyewe, akapata njia. Wacheze kwa palizi. Kila mtu aanze na vizibo ishirini vya soda, na kila kizibo kiwe mstari mmoja wa shamba. Nikikushinda kizibo kimoja, unapalilia mstari mmoja shambani kwangu. Mwalimu wa madrasa alipopita akauliza kulikoni, Suleimane akamwambia kwamba wanapanga zamu za ujima, na karata zinasaidia kuondoa upendeleo. Mwalimu aliangalia vizibo, akaangalia karata, akasema ujima ni jambo jema. Akanunua bajia tatu akaondoka.

Mchezaji wa tatu alikuwa Paulino, fundi mwashi, Mmakonde wa huko juu Mueda, Mkristo, mtu mpole mwenye mikono ya kubomolea ukuta. Hawa wawili ndio walioizika ile ciência. Maana Tuaibo akisukuma vizibo vyake na kopa nne mkononi, kwa sura ile aliyoiga kambini, macho nusu na kidevu juu, Paulino alimfuata. Suleimane alimfuata. Hakuna aliyewahi kutupa karata.

"Compadre, ukiona nimesukuma hivi, ujue nina kitu kikubwa," Tuaibo alimweleza siku moja, kama anamsomesha.

"Najua," Paulino akasema. "Nataka kukiona."

Ule mlango wa kwanza, wa watu kuogopa, kwetu haukuwahi kufunguka. Mimi nilimwambia sababu lakini dobi hamsikilizi muuza bajia. Elimu yake ilikuwa ya watu wenye kitu cha kupoteza. Paulino alipoteza nyumba mara mbili. Suleimane alipoteza mashua. Kila mmoja wetu hapa amewahi kutoka mbio na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mtu wa namna hiyo hawezi kutishwa kwa mistari minane ya palizi.

Basi kopa ya tano mara moja ilikuja, mara mbili haikuja. Mwezi wa kwanza ulipofika katikati, yule aliyelichukia jembe akawa mpaliliaji mkuu wa bairro, mtaa wetu mzima. Jumatatu yuko kwa Paulino, Jumatano yuko kwa Suleimane, jembe la kuazima, jasho linamtiririka. Watu wakimsifu alikuwa akijibu kwamba deni la karata ni heshima ya mwanamume. Shamba la mke wake, hilo lingeweza kungoja.

Na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa unawaka. Zaida alikuwa na mimba ya miezi saba, hawezi kuinama hata kuokota kijiko. Kabla tumbo halijawa kubwa alipanda ufuta, peke yake, mstari kwa mstari, kitu cha kwanza alichokipanda kwa mkono wake tangu tulipokimbia. Ufuta ukiwa mdogo ukamezwa na majani, hauamki tena. Mwaka wa nyuma ulikufa hivyohivyo. Mimi nilimpalilia mistari michache, lakini nina shamba langu na mafuta yangu motoni. Kila jioni Zaida alikwenda akasimama pembeni ya shamba, mkono kiunoni, akaangalia majani yanavyopanda, akarudi bila kusema kitu. Sikukipenda kile kimya chake.

Siku moja alisema. Alikuja barazani kabla wachezaji wengine hawajafika, akamwambia mume wake mbele yangu.

"Ijumaa ikipita bila kupaliliwa, ufuta basi tena. Mimi sitaki kushinda. Nataka ntu wa kushika jembe."

"Zaida, nipe leo tu," Tuaibo akasema. "Leo narudisha mistari yote. Kesho nitawaingiza shambani kwako Paulino na Suleimane, watafagia mpaka ukose jani la mbuzi."

 Zaida akanunua chai kwangu kwa pesa yake mwenyewe, akaenda kuketi ndani ya nyumba yangu, kwa mama.

Sasa nikwambie habari za mama. Mama yetu, Fátima, ni mtu wa Quiterajo. Vita vilipochoma kule alikuja kuishi kwangu, na ana kipande cha mihogo kwenye njia ya kwenda Mute. Ujanani alikuwa bingwa wa suéca, ule mchezo wa Wareno wa watu wawili wawili. Alipousikia mchezo wa poka kupitia ukutani, siku tatu za kwanza alinyamaza. Siku ya nne akaniambia: niwaambie hao wanaume wamgawie na yeye.

Tatizo likawa Tuaibo. Mtu hakai meza moja na mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hali mbele yake, na akikutana naye njiani hupisha mpaka majanini. Lakini mama hakuwa na nia ya kukosa mchezo kwa sababu ya adabu za mtu mwingine. Nikatundika pazia mlangoni, la maua mekundu, yeye akaketi ndani kwenye mkeka, meza ikasogezwa mpaka ukutani. Karata zake zilipitishwa chini ya pazia, na mkono wake wenye bangili ulitoka kuweka vizibo, ukarudi. Maneno yake kwa mkwe wake yalipitia kwangu, ingawa walikuwa hawajaachana hata hatua mbili.

Mwanzoni alitupa tabu. Kwenye suéca karata ya saba ni kubwa kuliko mfalme, na mama hakuona kwa nini iwe vingine. Tulibishana jioni nzima. Alikubali kwa ulimi, lakini mpaka leo akipata saba haitupi, hata umwambie nini.

Na aligundua jambo ambalo Mfilipino hakumfundisha Tuaibo. Kila mkono wenye bangili ulipotoka chini ya pazia, Tuaibo alitupa karata zake. Amepata jozi, anatupa. Amepata tatu za namba moja, anatupa. Ataongezaje dau juu ya mkwe wake? Mama hakuhitaji karata nzuri, alihitaji bangili tu. Ndiyo maana mihogo yake ilikuwa misafi kuliko ya mtu yeyote kwenye ile njia, na aliyeisafisha alikuwa akifanya hivyo asubuhi sana, asije akakutana naye.

Nilimwuliza mama kama haoni haya. Akasema, "Mimi nina haya. Ndiyo nimejificha nyuma ya pazia."

Basi siku ile, siku aliyopewa na Zaida, wakaketi baada ya alasiri, mvua ndogo inanyesha. Tuaibo alianza vizuri. Alimpokonya Suleimane vizibo sita, akampokonya Paulino vinne. Akawa na thelathini kamili mbele yake, kavipanga nguzo tatu, anavigusagusa. Nyuma ya pazia mama naye alikuwa amewapokonya hao wawili kumi na viwili, bila kelele, na Tuaibo, kwa adabu yake, hakuwa akigeuza macho upande ule. Hiyo adabu ndiyo iliyomponza. Mkono wa mama ulitoka, ukaweka kizibo chake cha kuingilia, ukarudi, na Tuaibo alikuwa anaangalia mvua.

Akainua karata zake mbili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani, nikaziona. Ree la kopa na tisa ya kopa. Mgongo wake ukanyooka, ndala moja ikamtoka mguuni. Suleimane akafunua tatu za mezani, saba ya kopa, mbili ya kopa, mfalme wa shupaza.

Kopa nne. Na ree lenyewe likiwa mkononi mwake, hakuna kopa za mtu zingeweza kumshinda. Alitengeneza ile sura ya kambini. Akasubiri kidogo, kama alivyofundishwa. Kisha akazikumbatia zile nguzo tatu kwa mikono miwili akazisukuma katikati ya meza, zikaanguka kwa kelele.

"Vyote," akasema.

Paulino akaangalia karata zake, akaangalia mvua, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akazitupa. "Leo sina hata karata moja ya kuja nayo kuona," akasema. Suleimane naye akatupa. Uso wa Tuaibo ukafunguka. Baada ya siku zote zile, watu wa Quitunda walikuwa wameogopa. Alinyoosha mkono kuchukua vizibo.

Chini ya pazia ukatoka mkono wenye bangili. Ulisukuma vizibo polepole, fungu kwa fungu, mpaka vikatimia thelathini.

"Nazira," sauti ya mama ikasema, "mwambie mkwe wangu nimekuja kuona."

Nilimwambia, ingawa hakuwa kiziwi. Mkono wake ulikuwa bado hewani. Macho yakamtoka. Alikuwa amesukuma juu ya mkwe wake, mbele ya watu, mistari thelathini, na vizibo vikishasukumwa havirudishwi.  Pwagu amepata pwaguzi, nikasema moyoni, na sikujali kama nimesema kwa sauti.

Hebu fikiria alivyokaa pale. Akishindwa, anapalilia mihogo ya mama mistari thelathini, na ufuta wa Zaida unakufa Ijumaa. Akishinda, mama wa mke wake, mwanamke wa miaka sitini na kitu, atashika jembe kumpalilia yeye. Sijui kama tangu karata zitengenezwe kuna mtu mwingine aliyekuwa na kopa nne akaomba ya tano isije. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilimwona mwenyewe.

Suleimane akafunua ya nne. Tano ya pau. Tuaibo akashusha pumzi. Pazia likasogea kidogo pembeni, nikaona jicho la Zaida.

Suleimane akafunua ya mwisho. Kumi ya kopa.

Tuaibo alizifunika karata zake upesi akazisukuma chini ya sahani ya bajia. "Nimeshindwa," akasema. "Mama kashinda. Tumalize, maghribi imekaribia."

"Maghribi bado," Paulino akasema. Ni mtu mwaminifu, na uaminifu wa namna ile una siku unaudhi. Aliinua sahani, akazigeuza karata za Tuaibo, akazipanga na zile za mezani kwa kidole chake kinene. "Compadre, hukuziona? Kopa tano. Umeshinda."

Karata za mama zikapita chini ya pazia. Mfalme na saba. Jozi mbili nzuri kabisa, na saba ndani yake bila shaka.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye nilikuwa nimekitamani kicheko kile tangu mvua zianze, sikucheka, maana nilimwona Tuaibo usoni. Aliligeukia pazia kwa mara ya kwanza, akainamisha kichwa mpaka kikakaribia meza.

"Shemeji," akaniambia, "mwambie mama nimesamehe. Yote. Ilikuwa mchezo tu."

"Nazira," mama akajibu kabla sijamwambia, "mwambie mkwe wangu mimi si ombaomba. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Dawa ya deni kulipa. Kesho nitakwenda."

Na alikwenda. Mama angeweza kupita njia ya nyuma, ya vichakani, ambayo ni fupi. Akapita katikati ya bairro, saa ambayo kila mtu anatoka kwenda machamba, yaani mashambani, jembe begani, kanga mpya, ile aliyoiweka kwa ajili ya Idi. Alitembea kama mtu anayekwenda arusini. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba maji, sikuwa na namna.

"Mama Fátima, na jembe hilo wapi?" watu waliuliza.

"Nakwenda kumpalilia mkwe wangu," alijibu, na alihakikisha wa mbali wanasikia. "Amenishinda karata. Kijana anajua kucheza, masha Allah."

Kila nyumba alisema hivyo. Kwenye kisima alisema mara mbili. Mwalimu wa madrasa alikuwa pale anachota maji, akasikia habari za ujima mpaka mwisho wake. Alisahau ndoo ikafurika.

Tuaibo alikuwa bado kitandani, kajifunika. Mtoto wa jirani ndiye aliyempelekea habari, na nasikia alitoka kwa mlango wa nyuma na shati limegeuzwa ndani nje, akalichukua lile jembe lenye buibui, akakimbia kupitia vichakani. Tulipofika kwenye ufuta wa Zaida tulimkuta yuko kwenye mstari wa tatu, anakatakata majani kama yamemtukana.

Sasa angefanyaje? Kumnyang'anya mkwe jembe hawezi, ni lazima amkaribie. Kumwambia aache hawezi, ni lazima amtazame. Njia ilikuwa moja, kuhakikisha kwamba kila mstari mama atakaoukaribia umeshapaliliwa. Mama akisogea kulia, Tuaibo anahamia kulia mbele yake, mgongo ameupa upande wetu, kichwa chini. Mama akirudi kushoto, naye huyo kushoto. Mama alikuwa na jembe begani, hajaliteremsha. Alikuwa anatembea tu pembeni ya shamba, taratibu, akisimama hapa na pale kuonyesha nia, na pale aliposimama majani yalikwisha.

Jua lilipopanda akaniomba maji, akanywa, akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Kila Tuaibo alipopunguza mwendo, mama alikohoa, akashika mpini.

Zaida alikuja na chakula. Alisimama mahali pake pa kila jioni, mkono kiunoni. Mistari zaidi ya ishirini ilikuwa misafi, na ufuta ambao siku zote ulikuwa umejificha ndani ya majani ulionekana, umenyooka, mwembamba lakini mzima. Mdogo wangu alianza kulia pale, bila kujificha. Nilimshika mkono. Hasira zangu zote juu ya yule mwanamume zilikuwa bado zipo, lakini zilikaa kando kidogo.

Alipomaliza mstari wa thelathini, Tuaibo alikaa chini palepale, miguu imenyooka, mgongo kwetu. Viganja vilikuwa vimechubuka. Jembe la mtu halikujui, lako hukuuma, na hilo alikuwa hajaligusa tangu alipolipokea. Zaida alimpelekea maji, akammiminia mikononi. Sikusikia walichosema, na sikutaka kusikia.

Mama akainuka, akakung'uta kanga.

"Nazira," akasema, "mwambie mkwe wangu leo nimefika kulipa, lakini sikupata hata mstari mmoja wa kushika. Kaimaliza yote yeye. Kwa hiyo deni langu lote lipo, thelathini kamili. Majani yakirudi, na mimi nitarudi."

Nikamfikishia. Tuaibo akaangalia viganja vyake. 

Ufuta ule ulivunwa. Mtoto alizaliwa, wa kike, na mnunuzi alipokuja na mizani Zaida alisimama naye mwenyewe, mtoto mgongoni, akabishania bei mpaka mnunuzi akaomba maji. Tuaibo anawaambia wageni kwamba mavuno yale aliyapata kwa ree la kopa, kwa kusukuma bila kuogopa, na anawaeleza habari za milango miwili. Mimi huwa namwacha. Meza bado ipo, Paulino bado hatupi karata, ile mara moja anaijutia. Pazia nimelifua. Tuaibo sasa, kabla ya kusukuma chochote, ananiuliza kwa adabu kama mama yumo.

Na mama deni lake hajalipa mpaka leo, maana hajawahi kupewa nafasi. Mwaka huu mvua zilianza Jumatatu. Jumanne asubuhi mama alitoka barazani na jembe, akasimama upande wa dirisha la Tuaibo, akaniuliza kwa sauti ya kumfikia mtu aliye Palma kama nimeiona kofia yake ya shamba. Kofia alikuwa ameivaa. Kabla sijamjibu, tukasikia mlango wa nyuma wa Tuaibo unafunguliwa, na miguu inakimbia kuelekea shambani.